Kofia ya Bi Orpha Haiingii Gazetini

Mtu akilisoma jarida la *Kisahani* bila kutujua, atadhani mchezo wetu unachezwa na watu waliotoka kusali sasa hivi na wanaelekea kula. Jaladani kuna bibi kashika pai ya cheri. Ukurasa wa pili kuna mwalimu mstaafu, bunduki yake kaikunja katikati na kuilaza mkononi kama mwavuli. Ukurasa wa nne kuna mapacha wenye mashati yaliyopigwa pasi, na nyuma yao mchungaji anawatazama kwa upole. Wote wamevaa miwani, wote wameziba masikio, na wote wanatabasamu tabasamu la kipimo kimoja, kama waliogawiwa mlangoni. Kazi hiyo ilikuwa ya Orpha Stoltz, na aliifanya miaka ishirini na tisa bila kumhurumia mtu.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Wachezaji watano wanasimama mstari mmoja nyuma ya kijumba kifupi kilichozama ardhini. Mmoja anapaza sauti, "Vuta!", na mashine iliyo ndani ya kijumba inarusha kisahani cha rangi ya chungwa, chembamba kama biskuti, kinakimbilia mbali. Unakipiga kwa bunduki ya marisau. Kikivunjika, umepata. Kisipovunjika, mwandishi wa matokeo anatamka neno moja, "Kimepotea," kwa sauti ya mtu anayekuarifu kwamba basi limeondoka. Visahani ishirini na tano ni mzunguko mmoja, halafu mnarudi kwenye jengo la klabu kula na kudanganyana.

Orpha aliingia humo kwa kisirani. Mumewe Merle alipofariki aliacha bunduki ya mitutu miwili juu ya kabati, naye Orpha, aliyekuwa na miaka arobaini na moja, akaibeba kwenda klabu ya Nettle Fork akitafuta mnunuzi. Mnunuzi hakupatikana. Badala yake Gus Pohlman, fundi mabomba mwenye mdomo usio na kizibo, alimwambia bunduki ile ni nzuri sana kwa mwanamke asiyejua kuitumia. Orpha alimtazama, akamuuliza mahali pa kusimama. Siku hiyo alivunja visahani vinne kati ya ishirini na tano, bega likavimba, akarudi Jumamosi iliyofuata. Hajakosa Jumamosi tangu hapo, labda theluji iwe imefunga barabara.

Ukarani wa jarida ulikuja mwaka huohuo. Mzee Haverkamp, aliyeanzisha *Kisahani* katika duka la viatu lililofilisika huko mjini, alikuwa akitafuta mtu wa kupanga picha. Orpha aliomba lenzi ya mkono na penseli nyekundu. Mpaka leo, mzee kesha kufa na mwanawe Rollin ndiye mhariri, na picha zote zinaingia kwa kompyuta, Orpha bado anazichapa kwenye karatasi moja moja na kuzipitia kwa lenzi ile ile. Kidole kikiwa kwenye kifyatulio kabla ya wakati, anachora duara jekundu. Bunduki ikiwa haijafunguliwa na mwenyewe anatembea, duara. Mdomo wa bunduki ukimwelekea msomaji, hapo haweki duara, anachana. Kopo la bia nyuma kabisa, juu ya gari la mtu mwingine, linalohitaji lenzi na nusu saa kuonekana, analiona kwa sekunde tatu.

Si kwamba alikuwa mkali kwa kupenda ukali. Watu wa visahani tuna ugonjwa wetu: tukipata jarida hatusomi habari, tunawinda kosa. Mwezi ambao picha ilipita ikionyesha kijana wa Toledo hana miwani mstarini, zilikuja barua mia moja na saba, moja imeandikwa hospitalini na mgonjwa aliyekuwa akisubiri kupasuliwa nyongo. Orpha alizijibu zote.

Lakini kanuni iliyomfanya achukiwe haikuhusu usalama hata kidogo. Ilihusu kofia.

Tuna desturi. Mchezaji akivunja visahani vyote ishirini na tano kwa mara ya kwanza maishani, wenzake wanamvua kofia, wanairusha hewani na kuipiga risasi hadi iwe chujio. Kisha inapigiliwa msumari ukutani klabuni, na jina lake na tarehe chini yake. Ni kofia uliyovaa siku hiyo, si nyingine. Huruhusiwi kukimbilia garini kubadilisha. Watu wazima wamelia kwa furaha wakitazama kofia ya marehemu baba yao ikirudi chini vipande vipande.

Katika mwaka wa kwanza wa Orpha, Mzee Haverkamp alichapisha picha ya kofia, ukurasa mzima. Mwanamke mmoja wa Cleveland aliandika kwa adabu: "Naomba kujua, kofia hiyo ilikuwa na mtu?" Hilo lingepita. Lisilopita ni kwamba Lavonne, mdogo wake Orpha, mpokea wageni katika kliniki ya meno, ambaye kwa hisani ya udugu alikuwa akiweka *Kisahani* mezani kwa wagonjwa kati ya jarida la mapishi na jarida la uvuvi, alizirudisha nakala zote kwenye mfuko wa plastiki. Aliziweka juu ya meza ya jikoni ya Orpha.

"Dada, mnanitia aibu kazini," alisema. "Mama mmoja kamwondoa mtoto wake kitini. Watu wenye akili timamu wanapiga kofia risasi huku wanakenua meno?"

"Ni furaha tu, Lavonne."

"Furaha gani hiyo? Niletee picha ninayoweza kumwonyesha mtu."

Tangu siku hiyo Orpha alianza kuingiza pai kwenye picha. Kila picha iliyofika mezani kwake aliiuliza swali moja: mtu wa nje atasemaje? Na mtu wa nje, kila alipomfikiria, alikuwa na miwani ya kamba shingoni na sauti ya Lavonne. Picha za kofia ziliendelea kuja, mbili tatu kila mwezi, kutoka Iowa, kutoka Pennsylvania, nyingine na barua ndefu: hii ni kofia ya mama, nimengoja miaka kumi na mbili. Orpha alirudisha zote na kadi aliyoichapisha kwa wingi: *Asante. Picha nzuri sana. Haitufai.* Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na waliopakwa walijua. Zilifika zaidi ya mia mbili.

Lavonne naye aliridhika. Kila mwezi alipokea jarida kutoka mkononi mwa dada yake, akalifungua mara mbili tatu, akasema, "Picha safi," akaliweka mezani kliniki. Klabuni hakukanyaga hata siku moja.

Sasa uchungu wa mambo ni huu: Orpha mwenyewe hakuwa amepata ishirini na tano. Alipata ishirini na nne mara saba. Mara saba! Kisahani kimoja kilikuwa kinamtoroka kama kuku aliyejua siku ya sikukuu. Siku moja ni cha kwanza, siku moja cha mwisho, siku moja cha kumi na tisa kwa sababu Gus alipiga chafya. Na kichwani kofia ile ile ya majani makavu yenye utepe wa buluu, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo akiwa na miaka hamsini na moja, sasa ana sabini.

"Kofia yako imeshaanza kupokea pensheni," Gus alikuwa akimwambia kila Jumamosi.

"Na wewe ulimi wako utastaafu lini?"

"Nikiirusha kofia hiyo hewani. Nimeapa."

Kila alipopita ukutani penye kofia za wenzake, zimepigiliwa na majina, Orpha alitazama pembeni. Aliitamani nafasi ile kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote cha kununua. Hakumwambia mtu, kwa sababu mtu angecheka, na pia kwa sababu mtu huyo angeweza kuwa mmoja wa wale mia mbili.

Siku yenyewe ilikuja Jumamosi ya Juni, na kwa bahati mbaya ilikuwa Siku ya Majirani.

Mara moja kwa mwaka klabu inafungua geti kwa watu wa wilaya nzima. Wanakuja na viti vyao vya kukunja, wanakaa nyuma ya uzio wa kamba, wanapewa vizibo vya masikio na mikate ya kuku aliyechambuliwa, na *Kisahani* linatoa toleo maalumu linalopelekwa bure kila nyumba. Rollin Haverkamp alikuja na kamera. Orpha alikuwa amempa maagizo kwa maandishi: mabibi wawili, mwalimu mmoja, pai tatu, tabasamu.

Walisimama mstarini watano: Gus, muuguzi Corinne Vasbinder, ndugu wawili wa ukoo wa Hufnagel ambao hawajawahi kusikika wakisema neno lisilo "Vuta", na Orpha wa mwisho. Kumi vya kwanza vya Orpha vilivunjika. Kumi na tano. Kwenye cha ishirini Orpha aligundua kwamba Gus hajasema neno kwa dakika sita, na hilo lilimtisha kuliko kisahani. Cha ishirini na nne kilivunjika kipande kidogo tu, ukucha, lakini ukucha unahesabika.

Ikabaki kimoja. Orpha alipumua, akaiona mikono yake ikiwa mikono ya bibi mzee, akaikasirikia.

"Vuta!"

Kisahani kilitoka kulia, chini chini, kikigeuka. Alifyatua, na palipokuwa na kisahani pakawa na moshi mweusi. Hakuna kipande kilichobaki cha kuanguka.

Mwandishi wa matokeo hakutamka kitu. Hana neno la kisahani kilichovunjika, na ukimya wake ndio pongezi. Orpha alifungua bunduki, ganda likaruka, akatembea hatua nne hadi kwenye fremu ya mbao ya kusimamishia bunduki na kuiweka humo ikiwa wazi, polepole, kama mtu anayeweka mtoto kitandani. Aliporudi, Gus alikuwa amesimama mbele yake na mkono umenyooshwa.

"Lete kofia."

"Gus, tazama kule nyuma ya kamba."

"Nimewaona. Wana macho, wataona."

"Kuna watoto. Kuna mke wa mwenyekiti wa baraza. Watasemaje?"

"Watasema Orpha Stoltz kapata ishirini na tano uzeeni. Lete kofia, bibi, bega linaniuma kwa kungoja!"

"Wewe Orpha," Corinne alidakia, huku akiingiza risasi, "usipotoa mwenyewe nitakuvua kwa nguvu, na mimi nimezoea wagonjwa wabishi."

Miaka ishirini na tisa ya kadi za *Haitufai* ilimpita Orpha mbele ya macho. Mtu wa nje alikuwepo, tena mzima mzima, zaidi ya themanini, wanatafuna kuku. Alijua kabisa jibu la kanuni yake mwenyewe. Mkono ukapanda kichwani, ukaivua kofia, ukampa Gus.

Gus aliirusha mbele juu kabisa. Corinne na ndugu wawili wa Hufnagel walifyatua kwa pamoja. Majani yaliruka huku, utepe kule, kofia ikageuka mara mbili ikashuka ikiwa imekuwa chujio. Orpha alikuwa ameshapasuka tangu Gus alipoishika kofia. Alicheka mpaka akashika mbavu, akalia huku anacheka, mvi zake nyeupe zikisimama kila upande kama kuku aliyenyeshewa, na mmoja wa ndugu wa Hufnagel, kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, akasema, "Safi sana."

Nyuma ya kamba watu waliacha kutafuna. Kisha mzee mmoja mwenye mkate mkononi aliuliza kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "Sasa kofia ilifanya kosa gani?" Watu wakacheka, na baadhi wakapiga makofi bila kujua wanachopigia.

Jumatatu asubuhi Orpha aliwahi ofisini kabla ya Rollin. Rollin alipofika alimkuta kaketi kwenye kiti chake yeye mhariri.

"Ulipiga?" Orpha aliuliza.

"Kupiga nini?"

"Usinichezee, Rollin. Nakujua tangu una miaka kumi na sita. Kofia."

Rollin alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini na mitano, mwenye tabia ya kupangusa kamera akiogopa. Alianza kuipangusa. "Nilipiga, Bi Orpha. Lakini ni ya kumbukumbu yako tu. Nitakuchapia, utaweka nyumbani kwenye fremu."

"Ukurasa wa saba. Nusu ukurasa."

"Bi Orpha! Toleo la majirani? Linakwenda kila nyumba! Kanuni ya kofia ni yako mwenyewe. Marehemu baba aliitundika ukutani, ile pale."

"Kanuni niliitunga mimi, na mimi ninaitangua."

"Na wale mia mbili uliowarudishia?"

"Wale picha zao hazikuwa nzuri," Orpha alisema bila kupepesa, na hata yeye alisikia jinsi neno lile lilivyotoka uchi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo Rollin hakuwa ameizoea: "Nimeingoja, Rollin. Miaka ishirini na tisa nimepanga sura za watu humu. Nataka na mimi niwemo mara moja kabla sijafa."

Rollin akaacha kupangusa. Akaenda kuichapa.

Ilikuwa picha ya ajabu. Rollin alikuwa amesimama pembeni, akaukamata mstari wote. Kofia juu, katikati ya kupasuka, kila jani limeganda hewani. Corinne mdomo wazi kwa kicheko. Gus mikono juu, kama aliyefunga bao la ubingwa. Na katikati Orpha, kichwa kakitupa nyuma, mashavu yamelowa, furaha imemjaa mpaka inamtisha anayetazama. Orpha aliitazama muda mrefu. Hakuwahi kujua kwamba ana sura hiyo.

Halafu, kwa mazoea tu, mkono ukaifuata lenzi.

Alianza kushoto kama siku zote. Bunduki yake ipo kwenye fremu, wazi: sawa. Bunduki tatu zinaelekea juu na mbele: sawa. Masikio ya Corinne: sawa. Viatu vya Gus, kamba imefunguka: ovyo, lakini si kosa la picha. Akafika katikati, akasimama. Akaisogeza lenzi karibu. Akaivuta mbali, akaisogeza tena.

Alikuwa amevua miwani ili afute machozi. Ilikuwa katika mkono wake wa kulia, inaning'inia kwa kijiti kimoja, wakati bunduki tatu zinafyatuliwa hatua mbili kutoka machoni pake.

"Rollin," alisema.

Rollin alikuja, akainama, akaona. Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona, na kwa lenzi. "Hakuna atakayegundua," Rollin alisema haraka. "Ni kitu kidogo."

"Wasomaji wetu? Watagundua kabla hawajavaa suruali."

"Basi kompyuta itakuvisha. Dakika mbili tu. Tunachukua miwani kutoka picha nyingine, tunakuweka usoni, imekwisha."

Na hapa nisimpambe Orpha. Alifikiria. Alifikiria kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa, dirishani, akitazama watu wakiingia benki ng'ambo ya barabara. Miwani ni kitu kidogo kweli. Hakuna aliyeumia. Angekuwa na picha yake, na Lavonne angeiona bila doa. Picha nyingine hakuna na haitakuwepo, kwa sababu ishirini na tano ya kwanza haiji mara mbili. Alimkumbuka yule kijana wa Toledo, aliyemwandikia baada ya zile barua mia moja na saba kwamba ameacha kwenda klabuni kwa aibu. Orpha alimjibu kwamba aibu ni nafuu kuliko jicho.

Alirudi mezani, akachukua penseli nyekundu, akachora duara kuuzunguka uso wake mwenyewe. Duara lilitoka kama yai.

"Basi," Rollin alisema kwa huzuni. "Nitaweka wale mapacha."

"Utaweka hii."

"Na duara?"

"Na duara. Nipe karatasi niandike maneno ya chini."

Akaandika, akakata, akaandika tena. Yaliyochapishwa ukurasa wa saba ni haya: *Orpha Stoltz, miaka sabini, baada ya kuvunja visahani ishirini na tano kati ya ishirini na tano kwa mara ya kwanza. Wenzake wanaipiga kofia yake. Ndivyo tunavyompongeza mtu, na tumefanya hivyo siku zote. Kofia haikuwa na mtu. Ndani ya duara: mama huyu amevua miwani mstarini. Ni kosa kubwa, na ni yeye anayekagua picha za jarida hili. Msimwige.*

Toleo likaenda kila nyumba. Barua za wasomaji zilikuja sitini na tatu, na hakuna hata moja iliyosamehe. "Kosa lilivyo wazi, hata duara halikuhitajika," aliandika mmoja wa Indiana. Mwingine aliiona kamba ya kiatu ya Gus. Lakini karibu zote, chini kabisa, baada ya lawama zote kuisha, ziliandika hongera, na bahasha kumi na nne zilikuwa na picha za kofia, pamoja na ile kadi ya *Haitufai*, na juu yake swali moja kwa kalamu: *Sasa je?* Orpha alilazimika kuyameza maneno ya kadi zake moja moja. Alifungua ukurasa mpya wa kofia, akaomba radhi hadharani kwa sentensi mbili fupi, na Gus akazikata sentensi hizo na kuzibandika kwenye dirisha la gari lake.

Lavonne hakupiga simu. Wiki ilipita. Orpha alijua nakala za kliniki zimefika, maana alizipeleka mwenyewe na kuziacha kwa daktari wa meno, kwa woga, siku ambayo mdogo wake alikuwa amepumzika. Alisubiri mfuko wa plastiki.

Jumapili baada ya ibada Lavonne aliingia jikoni kwa Orpha kama kawaida. Tambi na viazi vya kuponda vilikuwa mezani. Hakuvua koti. Alitoa jarida mkobani, likiwa limekunjwa kwa kushikwashikwa, akalifungua ukurasa wa saba na kuliweka kati ya sahani mbili.

"Huyu ni wewe?" aliuliza.

"Unaniona, Lavonne."

"Sikukujua. Mgonjwa ndiye kanionyesha. Mama mmoja amekuja kung'olewa jino, anacheka peke yake pale kitini, nikajua dawa ya ganzi imempanda. Nikaenda kutazama." Akaketi, koti mwilini. "Dada, sijakuona hivi tangu Merle alipokuwa hai."

"Najua nimekutia aibu. Kama unataka nizichukue nakala..."

"Nimezificha nne, zisiibwe," Lavonne alisema. Akaliweka shavu lake kwenye kiganja, akaitazama picha, akamwangalia Corinne na mdomo wake wazi, akamwangalia Gus. "Na mnakuwa hivi kila Jumamosi?"

"Karibu kila Jumamosi."

"Mimi nilikuwa nawahurumia! Naona wale mabibi na mapai yao, wamesimama wima, nasema maskini dada yangu, kafiwa, kaenda kujiunga na watu wa namna hii." Aliinua macho, na yalikuwa yamejaa. "Miaka ishirini na tisa unaniletea gazeti hili kwa mkono wako. Mbona hujaniambia hata siku moja kwamba mnacheka?"

Orpha alishika kijiko cha kupakulia, akakishikilia tu. Jibu alikuwa nalo, ila halikusemeka mbele ya mtu mwenyewe: kila kicheko alichokirudisha na kadi, zaidi ya mia mbili, alikirudisha kwa ajili ya Lavonne.